Wageni wa Kaskazi Mjini: Namna ya Kuwaona na Kuwapiga Picha

Kuanzia mwishoni mwa Agosti, tope la mdomo wa Mto Msimbazi, pale Daraja la Salenda jijini Dar es Salaam, huanza kupokea wageni. Wapo waliotoka Siberia, wapo wa Ulaya ya kaskazini, wapo wa nyika za Asia ya Kati. Hukaa nasi hadi Aprili, kisha hurudi kwao kuzaliana. Kila siku watu hupita juu ya daraja hilo ndani ya daladala, macho kwenye simu, na chini yao kuna kidege cha kijivu chenye uzito wa gramu 60 ambacho miezi mitatu iliyopita kilikuwa kikilea makinda kwenye ukingo wa Bahari ya Aktiki.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa mji asiye na gari la kwenda hifadhini wala lenzi ya mamilioni. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, ila mbinu zinafaa pia Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu. Wa bara nao wana sehemu yao hapo chini.

Ukishika jambo moja tu katika yote haya, shika hili: usimfuate ndege. Soma maji, soma jua, chagua mahali pa kukaa, kisha tulia. Ndege atakuja mwenyewe.

KWA NINI WANAKUJA

Ndege mwenye manyoya mazito huivumilia baridi. Kinachomfukuza kwao ni njaa. Kaskazini ya mbali matope huganda yakawa magumu, wadudu hupotea, na mchana hufupika hadi muda wa kutafuta chakula hautoshi. Huku kwetu, msimu huohuo, kaskazi inavuma, tope lina uvuguvugu, na bahari hufunua meza ya kaa, minyoo na konokono wadogo mara mbili kwa siku.

Wanafika wamechoka na wamekonda. Kabla ya kuondoka, Machi na Aprili, inawabidi wajaze mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita. Kidege cha gramu 60 huweza kufikia karibu gramu 100. Mafuta hayo ndiyo nauli yake. Kila unapomkurupusha, anachoma sehemu ya nauli na anapoteza dakika za kula. Ndiyo maana mwongozo huu unarudia neno "tulia" kuliko neno "kamera".

KALENDA FUPI
• Agosti na Septemba: wanatangulia wakubwa. Baadhi bado wana mabaka ya rangi ya tofali kifuani, masalia ya manyoya ya kuzaliana.
• Oktoba na Novemba: wanafuata vijana waliozaliwa mwaka huohuo. Migongo yao imepangika vizuri, kila unyoya una ukingo mweupe. Mbayuwayu na keremkerem huonekana kwenye nyaya.
• Novemba na Desemba: kozi wa Amur hupita, hasa mvua za vuli zinapotoa kumbikumbi.
• Desemba hadi Februari: wametulia, wana sehemu zao za kila siku. Msimu mzuri wa kujifunza kuwatambua.
• Machi na Aprili: wanabadili manyoya na kunenepa. Picha nzuri kuliko zote hupatikana wakati huu.
• Mei hadi Julai: wengi hawapo, ila vijana wasiofikia umri wa kuzaliana hubaki. Ukimwona sululu mwezi wa Juni, usidhani amepotea.

SOMA MAJI KWANZA

Maji yakipwa sana, ndege hutawanyika hadi mwisho wa tope, mita mia kadhaa kutoka ulipo. Utaona nukta tu. Maji yakijaa kabisa, tope limezama na ndege wamekwenda kupumzika kwenye miamba, mikoko au fungu la mchanga. Muda wako ni ule wa katikati, maji yanapojaa: kila dakika tope linapungua, na ndege wanasukumwa kidogo kidogo kuelekea ukingo ulipokaa. Hawakukimbii, maana anayewasogeza si wewe.

Wavuvi wanayajua haya yote bila kitabu. Kwenye pwani ya Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika kama arobaini au hamsini. Kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, maji yanajaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni.

Sasa ongeza jua. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatokea baharini, mbele ya uso wako, na kila ndege anageuka kivuli cheusi. Jioni jua liko nyuma yako, upande wa bara, na mwanga wake wa chini unamwangukia ndege usoni. Maji yanayojaa na jua la mgongoni vinakutana alasiri za siku hizo chache baada ya bamvua. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kazi rahisi: alasiri za tarehe 2 hadi 4, na 16 hadi 18. Hizo ndizo siku za kuomba ruhusa ya kutoka kazini mapema.

Siku za maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu, na ndege hawasukumwi. Siku hizo nenda bustanini.

Hakikisha saa zako kwenye jedwali la kupwa na kujaa. Yapo ya bandari, na zipo programu za simu zinazoonyesha bure.

ALASIRI MOJA, HATUA KWA HATUA

1. Fika saa tatu kabla ya maji kujaa. Ikiwa maji yanajaa saa kumi na moja na nusu jioni, wewe fika saa nane na nusu. Mapema, naam, kwa sababu saa ya kwanza si ya kupiga picha.

2. Chagua ukingo. Pale Salenda, upande wa Barabara ya Barack Obama una ukuta wa bahari na miti ya kivuli. Eneo la tope liko kati ya daraja la zamani na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Usishuke topeni. Maji ya Msimbazi yanabeba uchafu wa mji mzima, na tope lenyewe linaweza kukumeza hadi magotini.

3. Kaa chini. Mtu aliyesimama ukutani anaonekana na kila ndege. Mtu aliyeketi au kupiga magoti nyuma ya ukuta, kichwa na mikono tu ndivyo vimejitokeza, baada ya dakika ishirini hivi anakuwa sehemu ya ukuta. Zaidi ya hapo, picha iliyopigwa kutoka chini humweka ndege usawa wa macho, na tope la nyuma yake linafifia vizuri.

4. Tazama kwa darubini, kamera ikiwa begini. Nani yuko wapi? Nani anakula, nani amelala? Kuna kundi linalorudi mahali palepale kila linapokurupuka? Hapo ndipo patakapokuwa na picha.

5. Tia kamera tayari kwa jaribio. Piga picha ya jiwe lenye mwanga sawa na wa ndege, uone kama ni nyeupe mno au nyeusi mno. Rekebisha sasa, si wakati sululu amemkamata kaa.

6. Subiri maji. Ndege wakifika umbali wa picha, piga kidogo, acha, piga tena. Usiinuke. Usionyeshe kidole.

7. Maji yakishafunika tope, ndege wakaenda kupumzika, waache. Hii ni saa yao ya kulala na kusaga chakula, na picha ya ndege aliyeficha mdomo mgongoni utaipata kutoka mbali.

KUMTAMBUA: MWENDO KABLA YA RANGI

Wanaoanza hutazama rangi, na rangi ya msimu huu ni kijivu na kahawia kwa karibu wote. Anza na mwendo.

Ndege wa topeni wamegawanyika makundi mawili makubwa. Wapo wanaokimbia na kusimama: hatua tano sita za haraka, wanaganda, wanatazama, wanadonoa mara moja, wanakimbia tena. Hawa huwinda kwa macho. Macho yao ni makubwa, mdomo mfupi, shingo nene. Wa pili ni wanaochoma: kichwa chini, mdomo unaingia na kutoka topeni mfululizo, hawasimami kutafakari. Hawa huwinda kwa kugusa, na midomo yao ni mirefu. Ukiweza kuvigawa vitwitwi katika makundi hayo mawili kwa mwendo tu, umemaliza nusu ya kazi.

Kisha uliza mdomo: mrefu kuliko kichwa au mfupi? Umenyooka, umepinda chini, au umepinda juu? Halafu miguu: rangi gani, mirefu kiasi gani? Rangi ya mwili iwe ya mwisho.

Majina ya Kiswahili ya ndege hawa hutofautiana kati ya mji na mji, kwa hiyo nimeweka na ya kisayansi, uyatafute kitabuni au kwenye programu.

SANDUKU: WA KUANZA NAO PWANI
• Sululu, Numenius phaeopus. Mkubwa, kahawia, mdomo mrefu uliopinda chini, mistari miwili myeusi juu ya kichwa. Haoni taabu kuishi karibu na watu. Anza naye.
• Calidris ferruginea. Mdogo, kijivu, mdomo umepinda chini taratibu. Akiruka, kiuno cheupe kinaonekana. Huyu ndiye mtoto wa tundra ya Siberia. Machi na Aprili hugeuka mwekundu wa tofali.
• Calidris minuta. Kidogo sana, gramu 25 hivi, mdomo mfupi, miguu myeusi, hakitulii.
• Calidris alba. Mweupe kuliko wenzake. Hukimbia mbele ya wimbi na kulifuata linaporudi, kwenye mchanga safi, si kwenye tope.
• Pluvialis squatarola. Anakimbia na kusimama, mnene, macho makubwa. Akiinua mabawa ana doa jeusi kwapani. Doa hilo likionekana, huna haja ya kuuliza tena.
• Xenus cinereus. Mdomo umepinda juu, miguu ya rangi ya chungwa, mbio za ovyo akibadilisha njia ghafla.
• Tringa nebularia. Miguu mirefu ya kijani, mdomo unaoelekea juu kidogo. Akiruka hulia mara tatu, sauti kali inayosikika mbali.
• Actitis hypoleucos. Peke yake, juu ya jiwe au ukingo wa mfereji, akitikisa mkia bila kukoma. Utampata hata bara, kwenye mto wowote wa mji.
• Arenaria interpres. Kifuani ana kama kizibao cheusi, miguu ya chungwa. Hupindua mawe na mwani kwa mdomo. Mtafute kwenye miamba.
• Dromas ardeola. Mweupe na mweusi, mdomo mnene kama jambia lililonyooka. Huchimba shimo mchangani kwenye pwani na visiwa vya Uarabuni na Ghuba na kutaga yai moja tu, jeupe. Hapa kwetu wazazi huendelea kumlisha kijana wao: ukiona mmoja mwenye mgongo wa kijivu akimfuata mwenziwe na kulialia, weka kamera tayari. Njia ya mbao ya Mida Creek, karibu na Watamu, ni mahali panapojulikana sana kwa ndege huyu.

Huko Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, tazama shakwe wakubwa wenye migongo ya kijivu iliyokolea wakigombea mabaki. Wanatoka kaskazini ya Urusi. Piga picha za ndege, lakini soma sehemu ya tahadhari kabla hujaelekeza lenzi upande wowote pale.

PICHA YENYEWE: MFANO WA SULULU NA KAA

Nimechagua tukio hili kwa sababu hutokea kila siku na linakufundisha yote.

Sululu anatembea polepole, anainamisha kichwa upande mmoja. Tope limejaa mashimo ya kaa, na mpindo wa mdomo wake unaingia shimoni bila yeye kulazimika kuchimba. Mdomo wote unazama hadi usoni. Anauvuta. Kaa anatoka akining'inia kwa gando moja. Hammezi hapohapo. Anamtikisa hadi magando yanaruka, mara nyingi anamchukua hadi kwenye kidimbwi na kumsuuza tope, anamgeuza, anarusha kichwa nyuma, na kaa anateremka kooni. Yote huchukua muda mfupi, na kila hatua ni picha tofauti.

Ukishajua mfuatano huo, huhitaji bahati. Mdomo ukizama hadi usoni, anza kubonyeza.

Kwa mwenye kamera:
1. Kasi ya shata: 1/1000 kwa ndege anayetembea na kula, 1/2000 kwa anayeruka.
2. Tundu la lenzi: f/5.6 hadi f/8. ISO iachie kamera ijipangie yenyewe. Chembechembe kidogo kwenye picha ni afadhali kuliko ndege aliyetikisika.
3. Fokasi iwe ya kumfuata anayetembea, na nukta yake iwe kwenye jicho. Jicho likiwa kali, picha imepona hata kama mkia umefifia.
4. Weka upigaji wa mfululizo, lakini bonyeza kwa mafungu mafupi. Ukishikilia kidole, kamera itajaa na kugoma wakati kaa anarushwa.
5. Tumia kitufe cha + na − cha mwanga. Ndege mweupe kwenye jua: punguza, −0.7 hivi, la sivyo manyoya yanakuwa kitambaa kisicho na alama. Ndege angani palipo na mwanga mkali: ongeza, +0.7 hadi +1, la sivyo unapata kivuli.
6. Lenzi ya milimita 300 inatosha kwa njia hii ya kusubiri.

Kwa mwenye simu tu: usivute picha kwa vidole hadi iwe vipande. Tafuta darubini, hata ya kuazima. 8x42 ni saizi nzuri. Kunja mpira wa jicho la darubini, egemeza darubini ukutani au juu ya mfuko wa mchanga, sogeza lenzi ya simu katikati ya jicho hilo hadi duara la mwanga lijae kwenye kioo. Gusa ndege kwenye kioo ili simu ishike fokasi. Piga video badala ya picha, kisha chagua fremu iliyo kali. Inahitaji mazoezi. Anza na yangeyange, ambaye ni mwenyeji, mkubwa na mvumilivu.

Saa sita mchana hadi saa tisa, tope hutoa mvuke wa joto unaofanya hewa icheze. Hakuna lenzi inayoushinda, hata ya bei gani. Mpige aliye karibu sana au subiri.

WALIO MBALI NA BAHARI, NA SIKU ZA MAJI MAFU

Nyaya za umeme ni mahali pa kwanza pa kutazama. Mbayuwayu wa Ulaya, Hirundo rustica, ana koo la rangi ya kutu na mshipi mweusi chini yake. Akiwa na koo jeupe na utosi mwekundu, huyo ni mwenyeji, Hirundo smithii. Usimtambue kwa urefu wa mkia: wageni wengi hubadili manyoya wakiwa huku, na mikia yao huwa mifupi kwa muda.

Keremkerem wa mashavu ya buluu, Merops persicus, hupenda pwani na sehemu zenye maji. Usimchanganye na Merops superciliosus mwenye utosi wa kahawia, ambaye wengi wao huonekana pwani wakati wa kusi. Keremkerem wa Ulaya, Merops apiaster, ana koo la njano na mgongo wa kahawia. Mara nyingi utamsikia juu sana kabla ya kumwona.

Bustanini, makaburini na kwenye viwanja vya vyuo, mtafute Muscicapa striata: kidege cha kahawia, michirizi kifuani, kinakaa wima kwenye tawi lililo wazi, kinaruka kudaka mdudu, kinarudi kwenye tawi lilelile. Tabia hiyo ni zawadi kwa mpiga picha. Elekeza kamera kwenye tawi likiwa tupu, shika fokasi, subiri.

Mvua ya vuli ikikatika jioni na kumbikumbi wakipanda, tazama juu. Kozi wa Amur, Falco amurensis, huzaliana mashariki ya Asia, huvuka Bahari ya Hindi, na hupita kwetu wakielekea kusini mwa Afrika. Hudaka kumbikumbi kwa miguu na kumla wakiwa hewani.

Nairobi, anza na Arboretum na City Park. Nature Kenya huandaa matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na mgeni hukaribishwa. Kampala, nenda Ghuba ya Lutembe, upande wa njia ya Entebbe, ambako buabua wa Chlidonias leucopterus hukusanyika kwa makundi makubwa mno.

TAHADHARI

Kwa ajili yako. Nendeni wawili, mmoja akitazama lenzini, mwingine atazame barabara. Mkanda wa kamera upite shingoni na begani, si mkononi, na usikae umempa mgongo anayepita na pikipiki. Usielekeze lenzi Ikulu, bandarini, kambini wala kwenye kituo cha polisi, na ujue kwamba Feri iko jirani na Ikulu. Askari akikuuliza, simama, salimia, mwonyeshe picha za ndege na kitambulisho. Watu nao: omba ruhusa kwa mvuvi au mchuuzi wa samaki kabla hajaingia kwenye picha yako.

Kwa ajili ya ndege. Zijue dalili za hofu kwa mpangilio wake: anaacha kula, anainua shingo, anaanza kutembea mbali nawe, analia. Kwenye dalili ya kwanza, simama. Kwenye ya pili, rudi nyuma. Usiruhusu ifike ya nne. Usirushe jiwe ili wapae upate picha ya kundi hewani. Usicheze sauti zao kwenye simu. Usirushe droni juu yao. Wanaiona kuwa mwewe. Usiwamwagie mkate, si chakula chao, na unaita kunguru, ambao watawafukuza.

Kwa ajili ya vifaa. Upepo wa bahari unabeba chumvi. Ukirudi nyumbani, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vitie begini. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukungu ukishaota ni vigumu kuutoa.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA
• Kwenda asubuhi kwa sababu "ndege huonekana asubuhi". Bustanini ni kweli. Kwenye pwani yetu, jua litakupiga usoni.
• Kwenda bila kuangalia maji. Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi siku ya kwanza.
• Kuamini programu ya kutambua ndege bila kuikagua. Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, husaidia sana, lakini vitwitwi vya kijivu huichanganya. Linganisha na kitabu. Cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki ndicho wengi wanachobeba.
• Kukata picha ndogo sana hadi ndege abaki peke yake. Acha nguzo ya daraja au mtumbwi uonekane nyuma. Sululu na daladala katika picha moja vinasema mji huu ni wa wote wawili.
• Kuvaa shati jeupe au jekundu kali. Vaa rangi ya vumbi au ya majani.

SANDUKU: KABLA HUJATOKA NYUMBANI
☐ Saa ya maji kujaa leo
☐ Betri na kadi tupu
☐ Darubini
☐ Daftari na kalamu
☐ Maji ya kunywa na kofia
☐ Kitambulisho
☐ Mfuko wa plastiki wa kufunika kamera mvua ikija
☐ Mwenzio

ANDIKA ULICHOKIONA

Picha bila tarehe na mahali ni pambo. Ikiwa na tarehe, saa, mahali na hesabu, ni ushahidi. Andika ukiwa palepale: aina, idadi, hali ya maji, wanafanya nini. Kisha iweke kwenye eBird, ambayo ni bure na inapokea orodha kutoka mji wowote.

Tazama miguu. Baadhi ya ndege hawa wamevalishwa pete ya chuma au kibendera cha rangi chenye herufi. Pete za Urusi huandikwa MOSKWA. Huko Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, watafiti wamekuwa wakiwavalisha pete ndege wahamaji tangu 1969, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, mwanga wa taa za hoteli unapowavuta kushuka. Ukiona pete, piga picha nyingi za mguu kutoka pande zote, hata kama si nzuri, andika kila herufi unayoweza kusoma, na utume taarifa EURING, shirika linaloratibu pete za Ulaya. Taarifa yako huweza kuonyesha ndege huyo alivalishwa pete wapi na lini.

Kila Januari, ndege wa majini huhesabiwa Afrika nzima, na wanaojitolea hawatoshi kamwe. Tanzania, wasiliana na Nature Tanzania. Kenya, na Nature Kenya. Maeneo ya tope yaliyo katikati ya miji yetu yanatamaniwa na wajenzi na yanatupiwa taka, na hayawezi kutetewa kwa maneno matupu. Yanahitaji namba za mwaka hadi mwaka. Nenda alasiri ya bamvua ijayo, hesabu hata sululu peke yao, na uitume orodha yako kabla hujalala.